Mbaruk wa Gasi na Mbaruk wa Takaungu: Jina Moja Katika Historia ya Pwani

Utangulizi

Mwaka 1895 walikuwako katika mwambao wa Kenya Wamazrui wawili mashuhuri walioitwa Mbaruk bin Rashid. Mmoja alikaa Gasi, kusini mwa Mombasa. Wa pili alikaa Takaungu, kaskazini mwake. Walikuwa watu wa ukoo mmoja, walipigana upande mmoja katika vita vile vile, na kabla ya mwaka huo kwisha walikuwa wakiandamwa na majeshi yale yale. Jina la mtu pamoja na jina la baba yake, ambayo kwa kawaida humtosha mtu wa pwani kujitambulisha mbele ya kadhi au mbele ya tajiri anayemkopesha, hayakutosha kuwatenga watu hawa wawili.

Kwa msomaji wa leo jambo hili laweza kuonekana kuwa dogo, la kumalizwa kwa maelezo mafupi chini ya ukurasa. Lakini si dogo hivyo. Mara nyingi vita vya mwaka 1895 na 1896 vimesimuliwa kana kwamba vilikuwa vita vya mtu mmoja, naye akaitwa “Mbaruk” tu. Masimulizi ya namna hiyo yakishazoeleka, sababu mbili tofauti za vita hugeuka kuwa moja, na wenzi wa makundi mawili huhesabiwa kuwa watu wa bwana mmoja. Makala haya yanakusudia kuwarudisha Mbaruk hawa wawili mahali pao, na kuonyesha kwamba Kiswahili cha pwani kilikuwa na njia zake madhubuti za kuwatambua watu wa jina moja. Njia hizo hazikuwa pambo la usemi. Zilibeba ndani yake madai ya nasaba na ya utawala, na palipokatwa jina, dai nalo lilikatwa.

Jina na kurithishwa kwake

Asili ya jina Mbaruk ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya baraka. Kutokana na mzizi huo Kiarabu kina maumbo mawili yanayokaribiana kwa maana, mubarak na mabruk, nayo yote mawili humtaja mtu aliyebarikiwa. Kiswahili kiliyapokea yote mawili na kuyavisha sauti zake chenyewe. Hivyo tukapata Mbarak, Mbaruk, Mbaruku na Mabruki. Kwa mwanahistoria, muhimu ni kwamba maumbo haya hayawezi kutumiwa kuwatenga watu. Mtu mmoja huandikwa Mbaruk katika waraka mmoja, Mbarak katika wa pili, na Mubarak pale mwandishi anapofuata tahajia ya Kiarabu. Atakayedhani kwamba Mbarak ni mtu mwingine na Mbaruk ni mwingine atakuwa amezua watu wasiokuwako. Na atakayedhani kwamba kila Mbaruk ni yule yule atakuwa amewazika wawili katika kaburi moja.

Jina lenyewe halikuwa geni kwa Wamazrui. Mwanzoni mwa miaka ya 1820, ukoo huo ulipokuwa ukitawala Mombasa na ukishindana na Sayyid Said bin Sultan juu ya Pemba, mmoja wa viongozi waliotumwa kwenda kukikomboa kisiwa hicho alikuwa Mbarak bin Ahmed, ndugu wa Salim bin Ahmed ambaye baadaye alikuwa Liwali wa Mombasa. Jina la shujaa wa ukoo halipotei, bali hungojea mtoto wa kuzaliwa.

Desturi ya kumpa mjukuu jina la babu yake inajulikana sana katika pwani yote. Mfano ulio karibu na wasomi wa Kenya ni ule wa nyumba ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947), Kadhi Mkuu na mwandishi wa historia ya ukoo wake. Baba yake aliitwa Ali bin Abdallah, naye alikuwa mwanachuoni aliyefariki mwaka 1894. Na mwanawe, profesa wa siasa aliyefariki mwaka 2014, aliitwa pia Ali. Ali alimzaa Al-Amin, na Al-Amin akamzaa Ali. Nasaba ya namna hii haiendi mbele kama mstari. Huzunguka kama jiwe la kusagia, na kila mzunguko humrudisha mtu aliyekwisha kupita.

Desturi hii hufanya majina ya ukoo mmoja yawe machache na watu wake wawe wengi. Katika orodha ya Wamazrui waliotawala Mombasa hadi mwaka 1837 mna Abdallah wawili, yaani Abdallah bin Muhammad na Abdallah bin Ahmed, na wana watatu wa Ahmed waliotawala kwa nyakati tofauti: Abdallah, Salim na Khamis. Wala si Wamazrui peke yao. Katika Usambara, watawala wa Kikilindi walikuwa na mpango ulio wazi zaidi, ambapo majina Kimweri na Shebughe yalipokezana kati ya baba na mwana. Kwa sababu hiyo jina Kimweri peke yake halitoshi, na mtawala mkuu aliyefariki mwaka 1862 hutajwa kwa ukamilifu kuwa Kimweri ye Nyumbai. Jamii zenye majina machache si jamii zenye kumbukumbu hafifu. Ni jamii ambazo kumbukumbu yake imewekwa mahali pengine mbali na jina la kwanza.

Rashid wawili

Kabla ya kuwafikia Mbaruk wawili ni lazima kuwataja Rashid wawili, kwa kuwa hapo ndipo fundo lilipofungwa.

Rashid wa kwanza ni Rashid bin Salim bin Ahmed, Mmazrui wa mwisho kutawala Mombasa. Alishika utawala mwaka 1836, baada ya ukoo kudhoofishwa na ugomvi wa ndani uliofuata kifo cha baba yake, Salim bin Ahmed, mwaka 1835. Mwaka 1837 Sayyid Said aliipata Mombasa. Muda si mrefu wakuu wa Kimazrui, Rashid akiwa miongoni mwao, walikamatwa kwa hila na Khalid, mwana wa Sayyid Said, wakapelekwa Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi, na wasirudi tena. Waliosalia walitawanyika. Wengine walikwenda kusini wakafanya makao Gasi. Wengine wakaenda kaskazini wakafanya makao Takaungu. Tangu hapo ukoo mmoja ukawa na milango miwili.

Rashid wa pili ni Rashid bin Salim bin Khamis wa Takaungu. Huyu alikuja kushika madaraka mwaka 1895, miaka 58 baada ya yule wa kwanza kuyapoteza, naye aliyashika kwa msaada wa Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo katika historia ya ukoo huu yuko Rashid bin Salim aliyeangushwa na dola kutoka ng’ambo, na yuko Rashid bin Salim aliyenyanyuliwa na dola nyingine kutoka ng’ambo. Maneno matatu yale yale humtaja mfungwa na humtaja mteule.

Mbaruk wa Gasi

Mbaruk bin Rashid wa Gasi alikuwa mwana wa Rashid wa kwanza, yule aliyechukuliwa mwaka 1837. Jina lake kamili ni Mbaruk bin Rashid bin Salim. Alikulia katika jamii ya wakimbizi wenye kumbukumbu ya utawala, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa akigombana na masultani wa Unguja, kwanza Sayyid Majid (1856-1870) na kisha Sayyid Barghash (1870-1888). Kila mara aliposhindwa alirudi nyuma ya vilima vya Shimba, katika ngome yake ya Mwele iliyozungukwa na msitu. Na kila mara maadui zake walipochoka, alishuka tena Gasi. Mwaka 1882 jeshi la Sayyid Barghash chini ya Lloyd Mathews liliizingira Mwele na kuitwaa, lakini mwenyewe halikumpata.

Kampuni ya Waingereza, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, haikutaka kuurithi ugomvi huu. Ilipatana naye na kumlipa, naye kwa miaka kadhaa akawa mtulivu. Mwanzoni mwa mwaka 1895, basi, Mbaruk wa Gasi hakuwa mwasi. Alikuwa mzee mwenye heshima, mwenye watu na silaha, anayepokea malipo ya Kampuni na kungojea dunia igeuke. Hili ni jambo la kukumbukwa, kwa sababu wasimulizi wanaomtaja “Mbaruk” kuwa ndiye aliyeanzisha vita humtwika mtu huyu tendo ambalo hakulitenda.

Mbaruk wa Takaungu

Aliyeanzisha vita ni yule mwingine. Jina lake kamili ni Mbaruk bin Rashid bin Khamis. Baba yake, Rashid bin Khamis, aliitawala Takaungu kabla ya ndugu yake, Salim bin Khamis. Salim alifariki Februari 1895. Kwa kadiri ya desturi ya ukoo, ambayo ilitazama kwanza ukubwa, Mbaruk alikuwa na haki ya kuamini kwamba zamu imefika ya nyumba ya baba yake. Kampuni haikumtaka. Ilimwona kuwa ni mtu mgumu, ikamchagua Rashid bin Salim, mwana wa marehemu, ambaye alikuwa na urafiki nayo.

Mbaruk alikataa. Aliondoka Takaungu na watu wake akaenda bara kidogo, Gonjoro, akajenga boma. Nduguye Aziz bin Rashid alikuwa pamoja naye. Kilichoanza kama ugomvi wa mirathi baina ya wana wa ndugu wawili kikawa suala la nani mwenye mamlaka ya kuchagua mtawala katika mwambao: wazee wa ukoo, au Wazungu waliokodi pwani kwa Sultani wa Unguja.

Ni muhimu pia kuangalia ni nani waliomsaidia. Takaungu ilikuwa bandari ya nafaka, na uhai wake ulitegemea biashara na Wagiriama wa bara. Urafiki huo wa biashara uligeuka kuwa njia ya chakula na maficho wakati wa vita. Miongoni mwa waliohusika alikuwamo Ngonyo wa Mwavuo, kiongozi wa Kigiriama aliyekuwa na uhusiano wa siku nyingi na Wamazrui wa Takaungu. Mbaruk wa Gasi, kwa upande wake, aliwategemea zaidi watu wa kusini, Wadigo na Waduruma waliokuwa jirani na Gasi na Mwele. Mitandao hii miwili haikuwa mmoja. Iliunganishwa na vita, na vita vilipokwisha kila mmoja ulilipa gharama zake peke yake.

Mwaka wa vita

Mwezi Juni 1895 majeshi yaliletwa Takaungu, na Gonjoro ikavunjwa. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo utawala wa pwani ulitolewa mikononi mwa Kampuni na kuwekwa chini ya serikali ya Uingereza yenyewe, na Arthur Hardinge, Balozi Mkuu wa Uingereza Unguja, akawa ndiye msimamizi wake. Hivyo vita vilivyoanza dhidi ya kampuni ya biashara viliendelea dhidi ya dola. Watu wa Takaungu, wakiongozwa na Aziz, walirudi kuushambulia mji wao wenyewe uliokuwa chini ya Rashid bin Salim. Khamis bin Kombo, mkuu wa Waswahili wa Mtwapa, naye aliingia upande wao.

Mbaruk wa Takaungu alipobanwa kaskazini alikimbilia kusini, Gasi, kwa jamaa yake wa jina moja. Hapo ndipo Mbaruk mkubwa alipowekwa katika mtihani. Serikali ilimtaka ashirikiane nayo katika kuwakamata wakimbizi. Alisitasita, akatoa ahadi, akakawia. Kwa macho ya maofisa, kukawia huko kulikuwa unafiki. Kwa mizani ya pwani, mambo yalikuwa mazito zaidi: aliyeomba hifadhi alikuwa mgeni, tena jamaa, na aliyetakiwa kumtoa alikuwa mwana wa mtu aliyekamatwa kwa hila mwaka 1837 na kupelekwa mahali asikorudi. Haihitaji ufundi wa uchambuzi kuona kwamba mtu wa asili hiyo angeona haya kumtia jamaa yake mikononi mwa dola. Mwishowe aliacha malipo na utulivu wake, akaingia vitani.

Tarehe 17 Agosti 1895 Mwele ilitekwa na jeshi lililoongozwa na Jemadari wa majini Harry Rawson. Mathews, aliyeitwaa mwaka 1882, alikuwako pia, na safari hii alijeruhiwa. Lakini kutekwa kwa ngome hakukuvimaliza vita. Kwa muda wa miezi kadhaa wapiganaji waliishambulia miji na vituo vya mwambao, na Malindi yenyewe ikaonja moto wao. Serikali ililazimika kuagiza kikosi kutoka India, nacho kiliwasili mwezi wa Machi 1896. Mwezi uliofuata Mbaruk wa Gasi, pamoja na wafuasi wengi wanaume kwa wanawake, alivuka mpaka akaingia katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi na kujisalimisha kwa Gavana Hermann von Wissmann. Aliishi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910.

Hapa historia iliongeza jina jingine la kurudiwa. Agosti 1896, miezi michache baada ya Mbaruk kuvuka mpaka, Rawson yule yule alilipiga mizinga jumba la Sultani mjini Unguja ili kumwondoa Khalid bin Barghash, naye Khalid akakimbilia kwa Wadachi na kupelekwa Dar es Salaam. Khalid bin Said ndiye aliyewakamata Wamazrui mwaka 1837. Khalid bin Barghash, mtoto wa ndugu yake, alikuja kuwa mkimbizi katika mji mmoja na mwana wa mfungwa wa Khalid yule wa kwanza.

Lugha ya kutofautisha

Sasa na itazamwe sentensi moja nyepesi: “Mbaruk bin Rashid alimkataa Rashid bin Salim.” Kisarufi sentensi hii haina kasoro. Kihistoria ina maana tatu. Ya kwanza: Mbaruk wa Takaungu alimkataa binamu yake aliyewekwa na Kampuni. Ya pili: Mbaruk wa Gasi alimkataa mtawala huyo huyo wa Takaungu. Maana hizi mbili zote ni kweli, ila zina sababu tofauti na zilitukia kwa nyakati tofauti. Ya tatu ni upotovu mtupu: Mbaruk wa Gasi, mwana wa Rashid bin Salim, alimwasi baba yake, ambaye kwa kweli alichukuliwa miaka 58 kabla. Msomaji asiyeijua pwani, akisoma mahali pamoja kwamba Mbaruk ni mwana wa Rashid bin Salim na mahali pengine kwamba Mbaruk alipigana na Rashid bin Salim, atafikia maana hii ya tatu bila ya kufanya kosa lolote la kimantiki.

Na sasa iongezwe kiungo kimoja: “Mbaruk bin Rashid bin Khamis alimkataa Rashid bin Salim bin Khamis.” Mara moja kiza kinaondoka. Si kwamba mtu ametambulika tu, bali sababu ya ugomvi imetajwa. Khamis ametokea mara mbili. Kwa hiyo hawa ni wajukuu wa babu mmoja, wana wa ndugu wawili, na wanachogombania ni urithi wa babu huyo. Kadhalika, anayesema “Mbaruk bin Rashid bin Salim” amekwisha kusema habari ya Mombasa na ya mwaka 1837. Jina la tatu, basi, si la kuongezea sauti. Ndilo lililobeba dai. Si ajabu kwamba T. H. R. Cashmore, alipoandika maisha ya Mbaruk wa Gasi katika insha iliyochapishwa mwaka 1968, alimpa kichwani mwa insha jina lenye baba na babu.

Njia ya pili ni mahali. Mbaruk wa Gasi, Mbaruk wa Takaungu: kiunganishi hiki kifupi, -a, hufanya kazi kubwa kuliko kuonyesha mtu anatoka wapi. Katika matumizi ya pwani, kumwita mkuu kwa mji wake ni kuutaja mji huo kuwa ni kiti chake, na watu wake kuwa ni watu wa kiti hicho. Mtu aweza kuzaliwa Mombasa na kufia Dar es Salaam, kama Mbaruk wa Gasi alivyofia huko, na bado akabaki kuwa wa Gasi. Kwa upande wa Mbaruk wa Takaungu, neno “wa” lilikuwa na ubishi ndani yake: Kampuni ilikwisha kumpa Takaungu mtu mwingine. Kila aliyeendelea kumwita Mbaruk “wa Takaungu” baada ya Februari 1895, akijua asijue, alikuwa akitamka kwamba mji una mwenyewe.

Njia ya tatu ni kutaja ukubwa na udogo. Tarehe ya Pate imetuhifadhia Bwana Tamu Mkuu na Bwana Tamu Mtoto, na msikilizaji hapotei baina yao. Njia ya nne ni lakabu, kama ile iliyoambatana na Fumo Luti Kipunga katika tarehe hiyo hiyo, ikamtenga na Fumo Luti mwingine aliyekuja baada yake. Wasimulizi wa Pate hawakuona aibu kurudia lakabu kila walipotaja jina, kwa kuwa walijua kuwa tarehe husomwa mbele za watu, na msikilizaji hana ukurasa wa kurudi nyuma.

Njia hizi nne zilitosha kwa muda mrefu. Zilidhoofika katika maandishi ya utawala, ambayo yalipenda jina fupi la kuwekwa katika faharasa. Mwandishi wa taarifa alipokwisha kutaja “Mbaruk” mara ya kwanza, hakuona haja ya kurudia nasaba wala mji; na waliosoma taarifa hizo baadaye wakapokea jina tupu. Aidha, ilifaa kwa watawala uasi uwe na mwenye uasi mmoja. Vita vyenye sababu mbili humlazimu mtu aulize ni ipi iliyoanza, na swali hilo humrudisha kwenye uteuzi uliofanywa Takaungu mwezi wa Februari. Vita vya “Mbaruk” aliyekuwa mkorofi tangu zamani za Majid na Barghash havina swali la kuulizwa: kakosa kama alivyozoea kukosa.

Kupotea kwa nasaba hakukuwa hasara ya waandishi pekee. Katika karne ya ishirini sehemu ya ardhi ya Wamazrui huko Takaungu iliwekwa chini ya amana ya ukoo, amana iliyofutwa kwa sheria ya mwaka 1989 na kuleta mabishano yaliyofika mahakamani. Katika mabishano ya namna hiyo, swali la nani ni mwana wa nani, na wa mlango upi, ni swali la mashamba, la minazi na la makaburi ya wazee, na jibu lake haliwezi kutolewa kwa majina mawili.

Hitimisho

Imeonekana kwamba Mbaruk bin Rashid bin Khamis alianzisha vita kwa sababu ya urithi alionyimwa, na kwamba Mbaruk bin Rashid bin Salim aliingia vitani kwa sababu ya jamaa aliyemkimbilia. Wa kwanza alipigania kiti cha Takaungu. Wa pili alikiacha kiti cha Gasi. Mmoja alikuwa na haki yake ya kudai, mwingine alikuwa na hifadhi ya kuitunza. Kuwachanganya ni kumnyang’anya wa kwanza sababu yake na wa pili uamuzi wake, ambao pengine ulikuwa mgumu kuliko wote uliofanywa na mtu yeyote katika vita hivyo.

Kwa walimu na waandishi wa Kiswahili funzo liko wazi. Historia ya pwani inapoandikwa kwa lugha ya pwani, hakuna sababu ya kufuata ufupi uliowekwa na maofisa wa mwaka 1895. Jina la babu liandikwe pale linapohitajika, mji utajwe, mkubwa na mdogo watengwe, lakabu isifutwe kwa kudhaniwa kuwa ni mzaha. Wanafunzi wanaokusanya masimulizi Kwale na Kilifi nao hawana budi kuwauliza wazee swali ambalo wazee wenyewe huliuliza kabla ya kusimulia: Mbaruk yupi?